Nguzo za Mwalimu Anyona

Pale Keumbu ukimuuliza mtu yeyote fundi Ochoki yuko wapi, utaonyeshwa. Hata sasa, baada ya yote, utaonyeshwa. Lakini ukifika utakuta kibanda changu kipya hakina kibao. Mtu wa kwanza aliyeniuliza kibao kilienda wapi nilimfukuza na randa mkononi. Wa pili nilimwambia nina kazi. Wewe ni wa tatu, na umenikuta nimechoka, kwa hivyo keti hapo juu ya ubao, usiguse gundi, nami nitasema mara moja tu.

Kibao kilikuwa kimeandikwa kwa rangi ya buluu: OCHOKI FURNITURE. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizopangwa kama watoto wa gwaride: COPPER-BOTTOMED. Huo ulikuwa mwandiko wa Mwalimu Anyona, rafiki yangu. Alifundisha Kiingereza shule moja ya msingi upande wa Nyamira, lakini kwao ni Nyamache. Kila mwisho wa mwezi akienda kwao alishuka hapa Keumbu kwanza, anisalimie, tunywe chai, anisahihishe Kiingereza changu bila kuombwa.

Siku alipoandika neno hilo alinikuta nyuma ya kibanda nikichoma nguzo. Labda wewe hujui kazi hii, wacha nikueleze. Nguzo ya mkaratusi ukiichimbia mbichi katika udongo wetu mwekundu, mchwa watakushukuru. Miaka miwili mitatu, juu utaona nguzo, chini imebaki unga. Siku ya upepo nyumba inapiga magoti. Marehemu baba alinifundisha hivi: toa maganda, kausha kivulini, kisha ile ncha itakayozikwa ichome motoni, futi mbili na nusu, mpaka ifanye gamba jeusi. Ikipoa, ipake oili chafu ya gari, siku tatu mfululizo. Ni kazi ya kuchafuka, tena haionekani. Mwenye nyumba hataiona maisha yake yote, kwa maana iko chini ya udongo. Ndiyo sababu mafundi wengi hawaifanyi.

Mwalimu aliketi kwenye gogo, akaangalia weee, kisha akacheka.

"Ochoki, unajua Waingereza wana neno la hii kazi yako?"

"Waingereza wana neno la kila kitu. Sema."

"Zamani meli zao zilikuwa za mbao. Na baharini kuna mdudu, ndugu yake mchwa kwa tabia, anatoboa mbao chini ya maji, mahali nahodha haoni. Meli juu inapendeza, rangi safi, kumbe tumbo limeliwa. Wakafikiri, wakaamua kuipigilia meli mabamba ya shaba huko chini, kote mahali maji yanapofika. Mdudu akashindwa. Basi ikawa mtu mwenye mzigo wa safari ndefu haulizi meli ina rangi gani. Anauliza, chini ina shaba? Neno likatoka baharini, likaja mjini. Ahadi isiyovunjika wakaiita hivyo. Mtu wa kutegemewa wakamwita hivyo."

"Mimi meli sijawahi kuiona," nikamwambia.

"Lakini nguzo umeziona. Lete rangi."

Ndivyo neno lilivyopanda kwenye kibao. Watu walinicheka mpaka wakachoka. Kuna waliodhani nauza shaba. Askari wawili walikuja siku moja kuniuliza nyaya za transfoma nimezificha wapi, na ilibidi Mwalimu awafundishe Kiingereza pale pale barabarani, kwa mifano. Mimi sikujali. Nilikuwa najivuna, nikuambie ukweli. Nikikaa nje jioni nikikitazama kibao kile nilijiona mtu.

Sasa sikiliza. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa nane, Mwalimu alikata mikaratusi kumi na minne katika sehemu yake ya shamba la baba yao. Aliikata kwa mikono yake, mwalimu wa chaki, malengelenge yakamtoka. Kila nguzo akaitia alama tatu za panga karibu na kichwa. Alitaka kujenga. Alikuwa na miaka arobaini na saba na hakuwa na nyumba kwao, alikuwa akipanga tu huko Nyamira karibu na shule, yeye na mke wake Kemuma na watoto.

Kwetu sisi Abagusii, mwanamume mzima asiye na nyumba kwao ni jambo zito. Akifa, maiti hailali uani kama ya mpita njia. Lazima nyumba isimamishwe kwanza, hata ya kukimbizana, marehemu alale ndani, ndipo azikwe kando yake. Na mjane, pale nyumba ilipo ndipo alipo. Nyumba ikisimama, ana mahali. Ikianguka, watu wanaanza kumuuliza anaondoka lini. Mwalimu alijua hayo yote. Alizileta nguzo hapa kwenye pikapu, akazipiga kofi moja moja kama ng'ombe wa kuuzwa.

"Nitengenezee chini yake, Ochoki. Mabati nimeanza kununua. Zikiwa tayari tunajenga."

Nilizitengeneza. Hilo sikudanganya. Nilizimenya, nikazikausha, nikazichoma, nikazipaka oili. Zilikuwa nguzo nzuri ajabu. Halafu mwezi wa kumi na moja akaja mtu mwenye hoteli mjini Kisii, anataka veranda, na anaitaka juzi. Mimi nguzo zilizo tayari sina, isipokuwa zile. Nikajiambia, Mwalimu mabati hajamaliza. Mkaratusi si unaota? Nitakata nyingine, nitatengeneza, nitaziweka pale pale, hata hatajua. Nikazichukua zote kumi na nne. Zile alama tatu za panga nikazijaza unga wa mbao na gundi, nikapaka rangi nyeupe juu.

Umenisikia? Nilizificha alama. Mtu anayekopa kwa nia njema hafichi alama.

Tangu hapo wimbo wangu ulikuwa mmoja, kesho. Mwalimu akipita ananiuliza, "Nguzo zangu?" Namjibu, "Zinakauka, Mwalimu. Shaba haipikwi kwa haraka." Tunacheka. Hakusema hata siku moja nimwonyeshe. Mimi nami nikipata mikaratusi, inatokea kazi nyingine, naitia huko. Mara ya mwisho kuniuliza ilikuwa mwezi wa saba mwaka jana. Baada ya hapo alipita kila mwezi kama kawaida, tukanywa chai, lakini habari ya nguzo hakuitaja tena. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikashukuru.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumapili asubuhi, simu ililia. Alikuwa Mokeira, binti yake mkubwa.

"Baba mdogo," akasema, "baba ametuacha."

Ilikuwa presha. Alikuwa akipiga pasi shati la Jumatatu, akaanguka. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikalia, sitakuficha. Nililia kwa sababu ya rafiki yangu. Halafu katikati ya kulia nikakumbuka nguzo, machozi yakakauka hapo hapo.

Mchana huo nilikuwa Nyamache. Manasseh, kaka mkubwa wa Mwalimu, ndiye aliyeshika mambo ya mazishi. Ratiba ilikuwa imepangwa tayari: mwili utafika Alhamisi saa sita, mazishi Ijumaa mapema, kwa sababu ni familia ya Wasabato na jua la Ijumaa likitua hakuna kazi tena. Manasseh alinipeleka nyuma ya jiko lake akanionyesha rundo la miti. Ilikuwa imekatwa asubuhi ile, maganda bado, utomvu unadondoka.

"Fundi, karibu. Nguzo hizi hapa. Chumba kimoja kinatosha. Ni ya maiti kulala siku moja."

"Na Mama Mokeira alale wapi siku ya pili?"

"Huyo ana nyumba Nyamira."

"Ya kupanga."

"Si walichagua wenyewe kupanga? Mimi nilimkataza nani kujenga?"

Nilimtazama, kisha nikatazama nyuma yake. Majani chai yalikuwa yameshuka mteremko mzima, kutoka njiani mpaka kwenye kijito, kijani tupu, na nusu yake ilikuwa ya marehemu. Manasseh si mtu mbaya wa kutisha. Ni mtu wa kawaida aliyeona shamba linaweza kuwa moja. Nguzo mbichi zingevumilia mvua za mwaka mmoja, pengine miwili, kisha nyumba ingelala yenyewe, na hakuna mtu angelaumiwa. Wangesema ni mapenzi ya Mungu. Na Kemuma angebaki na watoto watatu na lundo la udongo.

"Hizi ni kuni," nikamwambia. "Zikaushe upikie wageni chai."

"Ala! Basi lete zile zake!" naye akapandisha sauti. "Miaka miwili anatuimbia hapa, nguzo zangu ziko kwa Ochoki, nguzo zangu ziko kwa Ochoki. Ziko wapi?"

Watu waliokuwa wakifunga turubai waligeuka. Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa.

"Ziko," nikasema. "Alhamisi utazikuta zimesimama."

Nilirudi Keumbu nikiwa sijui nilichokiahidi nitakitoa wapi. Nilipitia kwanza mjini, kwenye ile hoteli. Nguzo zilikuwa zimebeba paa na zimemwagiwa saruji chini. Mwenye hoteli alinisikiliza, akacheka akidhani natania, akaniletea soda. Nilipiga simu kwa wauzaji wa nguzo za kiwandani, zile zilizotiwa dawa. Wakaniambia wiki ijayo. Na kukata mipya, kuikausha na kuichoma ni kazi ya miezi, si ya siku tatu.

Nilikaa hapa ulipokaa wewe. Mke wangu Bochaberi akaniletea uji. Nikainua macho kutafuta Mungu, nikaona nguzo za kibanda changu mwenyewe. Zilikuwa kumi na sita. Nilizisimamisha na baba mwaka nilioanza kazi, miaka kumi na saba iliyopita.

"Bochaberi," nikasema, "ninabomoa kibanda."

"Umerogwa?"

"Ninabomoa."

"Na vitanda vya watu? Na makochi? Mvua si hiyo imeshafika Kenyenya, sisi tutafanyia kazi wapi? Kwani nguzo za Mwalimu ziko wapi?"

Nikamwambia. Yote, mpaka gundi na rangi nyeupe. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Nikatamani anitukane. Hakunitukana. Aliweka kikombe chini, akaanza kutoa makopo ya gundi na misumari nje, moja baada ya jingine.

"Sasa unangoja nani?" akaniuliza. "Ng'oa."

Jumatatu tulitoa mabati, tukachimba. Nguzo ya kwanza ilitaka wanaume watatu kuitoa. Ilipotoka niliifuta udongo kwa kiganja, nikaipiga nyundo pale chini. Ikalia. Ilikuwa nyeusi, ngumu, hakuna tundu hata moja la mchwa, baada ya miaka kumi na saba. Vijana wa bodaboda wa pale jirani walipiga makofi. Mimi nilitaka kuitupa mtoni. Kazi hii naijua, unaelewa? Ninaijua kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Nyamache. Sikushindwa kwa kutojua.

Jumanne nguzo zilikuwa zimesimama Nyamache. Nyumba ya vyumba vitatu, si kimoja. Manasseh alizunguka, akatikisa moja, haikutikisika, akaenda zake. Jumatano tulipiga fito na mabati ya Mwalimu, na akina mama wa pale wakakanyaga udongo na kukandika kuta, wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini.

Kemuma alifika siku hiyo hiyo kutoka Nyamira, na leso kichwani, macho yamevimba. Alisalimia kila mtu. Kisha akaingia katika nyumba ile mbichi akasimama karibu na nguzo ya mlangoni. Akainua mkono, akapitisha vidole karibu na kichwa cha nguzo, polepole, pande zote. Akaenda kwenye ya pili akafanya hivyo hivyo. Nilidhani ni majonzi.

"Mbuya, fundi," akaniambia. Yaani vizuri. Alizoea kuniita shemeji.

Mlango ndio ulionishinda. Mbao zangu zote kavu zilikuwa za vitanda vya watu, na nilishaapa sitagusa tena mti wa mtu. Kitu changu kilichobaki kilikuwa kibao. Ubao mzuri wa mvule, mpana, umekaa juani miaka yote bila kupinda. Nilikiweka kwenye benchi nikachukua randa nikiondoe maandishi. Mkono ukakataa. Ule ulikuwa mwandiko wa Mwalimu, na mwenye mwandiko alikuwa mochari. Nikautengeneza mlango hivyo hivyo, nikageuza maandishi yaangalie ndani. Nje ukiutazama ni mlango tu.

Alhamisi saa sita aliletwa. Tulimwingiza kwa mlango ule, miguu mbele, akalala katika nyumba yake.

Ijumaa watu walijaa mpaka ndani ya majani chai. Mokeira ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Binti amesoma, yuko chuo, sauti haikutikisika hata kidogo. Alisoma shule alizofundisha baba yake, wanafunzi waliopita mikononi mwake. Kisha akafunga karatasi, akasema ya moyoni.

"Baba alitufundisha neno moja la Kiingereza tukiwa wadogo, na kila mwaka alitueleza upya lilikotoka, mdudu wa baharini na mabamba ya shaba. Alisema mtu akiwa na rafiki mmoja wa namna hiyo haogopi safari. Yeye alikuwa na Baba mdogo Ochoki. Na leo mmeona wenyewe. Baba amelala katika nguzo alizokata kwa mikono yake, na rafiki yake amezitunza mpaka siku ya mwisho."

"Amina," watu wakasema. Wakageuka kunitazama. Mama mmoja mbele yangu alinyoosha mkono akanishika goti kwa heshima. Manasseh naye alitikisa kichwa kukubali.

Jamani, kuna sifa zinazochoma. Nilijiambia, nyamaza, mwache marehemu azikwe kwa amani, nyumba imesimama, nguzo ni nguzo. Lakini yule mtoto alikuwa amesimama juu ya uongo wangu mbele ya watu mia tano, na hajui. Siku atakayoujua atajiona alimdanganyia baba yake kaburini. Na jambo la pili, nilikuwa nimelala nalo tangu Jumatatu: nguzo zile ni zangu, kila mtu Keumbu aliniona nikizing'oa. Habari haikosi kupanda Nyamache. Manasseh akiisikia kwanza, atasema nyumba si ya ndugu yake, ni ya fundi, na fundi achukue vitu vyake.

Nikasimama. Mchungaji aliniashiria niketi, ratiba ilikuwa imebana. Sikuketi.

"Mokeira, mwanangu, nisamehe. Hizi si nguzo za baba yako," nikasema. "Zake nilizila mimi. Nilizitia katika kazi ya mtu mwingine mwaka juzi, nikaficha alama zake, nikamdanganya baba yako mpaka amekufa. Hizi mnazoziona ni za kibanda changu. Sikuzileta kama msaada, wala asinishukuru mtu. Nimelipa alichokuwa akinidai. Ni nguzo za Anyona na za mke wake Kemuma, chini mpaka juu. Asije mtu kesho akasema nyumba hii ni ya Ochoki. Mmenisikia wote?"

Yule mama aliondoa mkono wake. Nilimtazama Mokeira, alikuwa ameinamisha uso kwenye karatasi yake. Kisha mzee mmoja wa ukoo wao, aliyekaa karibu na Manasseh, akagonga chini na fimbo yake.

"Tumesikia," akasema. "Nyumba ni ya Anyona."

"Tumesikia," wengine wakaitikia, huku na huku. Manasseh alikuwa wa mwisho, lakini alisema. Mchungaji akaanzisha wimbo, tukamzika.

Hakuna aliyenipigia tena simu ya kazi kwa wiki tatu. Ni haki yao. Wiki ya nne mvua kubwa ilinyesha, nikaona nipande Nyamache nitazame kama kuna mahali panavuja. Nilifika saa tisa alasiri. Kemuma alikuwa ametoka kuchuma majani chai, sehemu yake, kikapu bado kiko mgongoni. Alikuwa amehama Nyamira kabisa. Uani kulikuwa na nguo za watoto kwenye kamba, na moshi ulikuwa ukitoka.

Nilizunguka nyumba, nikaibana misumari miwili ya dirisha. Hakuna kilichovuja. Alitua kikapu akasimama mlangoni akinitazama.

"Mama Mokeira," nikasema, "nilisema mbele ya watu, lakini kwako wewe sijasema."

"Usiseme," akanijibu. "Nilijua."

Akaegemea mlango, akaendelea.

"Mwaka jana, mwezi wa nane. Mokeira alikuwa amepata nafasi ya chuo, baba yake akafurahi, akatupeleka mjini kula samaki. Tukaketi kwenye veranda ya hoteli moja. Alikuwa ameegemea nguzo, anaongea, mara akanyamaza. Akaanza kuipapasa nyuma ya kichwa chake. Akachukua kijiko akakwaruza rangi. Alama tatu zikatoka."

Mwezi wa nane. Ndiyo maana hakuniuliza tena.

"Nilimwambia twende Keumbu sasa hivi, nimshike huyo mtu shati mbele ya wateja wake. Nilikasirika, fundi, nikashindwa kumeza. Yeye akamalizia samaki wake. Akaniambia, 'Atazirudisha.' Nikamuuliza, 'Umejuaje?' Akasema, 'Namjua Ochoki. Atazirudisha, na zitakuwa nzuri kuliko hizi. Ngoja tu atasema mwenyewe.' Kila mwezi akitoka kwako nilimuuliza, amesema? Anajibu, bado. Mwezi wa pili mwaka huu alijibu hivyo hivyo. Bado."

Nilimkumbuka mwezi ule wa pili. Alikaa hapo ulipo wewe, akanywa vikombe viwili vya chai badala ya kimoja. Alikuwa akinipa nafasi, na mimi nikamwongezea sukari.

"Tulibishana sana juu yako," Kemuma akasema. "Mimi nilisema wewe ni mwizi. Yeye alisema yeye anakujua. Nikasema sawa, tutaona."

Nikauliza, Mungu anisamehe, nikauliza, "Na umeona nini, shemeji?"

Alipitisha mkono kwenye nguzo ya mlangoni, kama siku ile, akaupiga kofi moja ule mti.

"Yeye alishinda," akasema. "Nguzo zimerudi, na ni nzuri. Watoto wangu wanalala, upepo ukivuma siamki. Hilo nakushukuru, na sitalikataa." Kisha akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu mazishi. "Lakini yeye alilala humu siku moja tu, shemeji. Na hakuwa akijua yuko humu."

Aliinua kikapu chake, akaingia, akavuta mlango. Haukukwama. Nilibaki nje na nyundo yangu, nikasikia komeo likiingia, na ule mwandiko wa Mwalimu uko upande wake.